Huzuni ya Kuazima

Majira ya joto ya mwaka 1904, kando ya ziwa Wörthersee kusini mwa Austria, Gustav Mahler aliwabusu mabinti zake wawili, kisha akashika njia ya msituni kwenda kwenye kibanda chake cha kazi kutunga nyimbo za baba aliyefiwa na watoto. Maria alikuwa hajatimiza miaka 2. Anna alikuwa amezaliwa Juni ya mwaka huo huo. Mama yao, Alma, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba jambo hilo lilimshinda. Angeelewa kama mtunzi angekuwa hana mtoto, au amekwisha fiwa. Lakini mtu amewakumbatia watoto wazima nusu saa iliyopita, halafu anaketi kuwaomboleza? Alimsihi asiite balaa. Mama yeyote wa Ngamiani, hapa kwetu Tanga, angelisema kwa ufupi zaidi: Baba Maria, acha uchuro.

Julai 1907, katika nyumba yao hapo hapo ziwani, Maria akafa kwa homa nyekundu na dondakoo. Alikuwa na miaka 4.

Kisa hiki hakikosekani kila zinapotajwa Kindertotenlieder, yaani nyimbo za vifo vya watoto, na husimuliwa kana kwamba kimekwisha kuzieleza. Mimi kinanichosha. Nimefundisha kwaya ya Kilutheri hapa Tanga maisha yangu yote ya utu uzima, na kazi kubwa ya kwaya, mtu asikudanganye, ni misiba. Kama kuimba kifo kungekuwa ni kukiita, besi wangu wote wangekuwa wamekwisha zikwa. Ninalotaka kulijua ni jambo jingine, ambalo Alma aliligusa akapita: huzuni ni mali ya nani? Aliyefiwa ameandika shairi. Miaka 70 baadaye anakuja mwingine, hajafiwa na mtoto hata mmoja, analichukua, analitilia zumari na kinubi, na watu wanakata tiketi kwenda kulisikiliza. Hiyo ni halali? Na hata yule wa kwanza, aliyezika kweli, alipoketi kutafuta vina vya kifo cha mwanawe, alikuwa anamlilia mtoto au anamgombeza Mungu kwa adabu?

Huyo wa kwanza ni Friedrich Rückert, Mjerumani wa Schweinfurt, aliyezaliwa mwaka 1788. Nilipomtaja kwa jirani yangu, maalimu mstaafu wa chuo, nilidhani atanisikiliza kwa heshima ya ujirani tu. Kumbe nilikuwa nimemletea mtu wake. Rückert alikuwa profesa wa lugha za mashariki, Erlangen tangu 1826 na baadaye Berlin. Alianza Kiajemi baada ya kukutana na mtaalamu Joseph von Hammer-Purgstall mjini Vienna mwaka 1818, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika ghazali kwa Kijerumani. Alizitafsiri Maqamat za al-Hariri, kitabu ambacho wengine hawathubutu kukigusa kwa wingi wa michezo yake ya maneno. Alitafsiri pia sehemu kubwa ya Kurani, akijitahidi miishio ya aya isikike hata kwa Kijerumani. Tafsiri hiyo ilichapwa mwaka 1888, mwenyewe akiwa amelala kaburini miaka 22.

"Huyo Mlutheri wenu," alisema maalimu, "alisoma Kurani masikio yakiwa wazi. Haya, Mwalimu, niambie alifiwa na nani."

Alifiwa na Luise na Ernst. Mwishoni mwa mwaka 1833 homa nyekundu iliingia nyumbani kwake Erlangen na kuwalaza watoto. Luise, wa miaka 3, alifariki tarehe 31 Desemba. Ernst, wa miaka 5, alimfuata tarehe 16 Januari 1834. Wengine wakapona. Katika miezi iliyofuata baba yao aliandika mashairi zaidi ya 400 juu ya hao wawili. Piga hesabu: kuna siku alikuwa anaandika mawili, matatu. Si kazi ya mtu anayetafuta sifa hiyo. Na kwa kweli hakuyatoa. Alikuwa anajua vizuri watunzi hufanya nini na mashairi ya watu. Franz Schubert alikwisha yatia yake kwenye muziki mwaka 1823, na mwaka 1840 Robert Schumann alitanguliza shairi la Rückert katika mkusanyiko wa nyimbo aliompa mchumba wake Clara kuwa zawadi ya arusi. Ya mapenzi Rückert aliyaacha yaende yatakako. Ya watoto aliyakalia miaka zaidi ya 30 mpaka akafa, yakachapwa mwaka 1872.

Hapo namkumbuka Shaaban Robert, mtu wa hapa kwetu, aliyemwombolezea mkewe Amina kwa shairi na kuliweka ndani ya kitabu cha maisha yake ili kila mtu alisome. Maalimu analijua kwa moyo na hulighani kwa mahadhi, maana kwetu pwani shairi ambalo halijaghaniwa ni kama halijafika. Mtu mmoja anafungia, mwingine anatoa. Sioni kwamba mmoja alimpenda marehemu wake kuliko mwenzake.

Katika yale zaidi ya 400 Mahler aliokota matano. Na hapa lazima nimsahihishe Alma kidogo, kwa heshima zote: matatu kati ya hayo yalitungiwa muziki kiangazi cha 1901, Mahler akiwa hajaoa, hana mtoto, wala Alma mwenyewe hajamjua. Mwaka 1904 alirudi kumaliza alichokianza. Wala si kweli kwamba mauti yalikuwa mageni kwake. Wazazi wake walizaa watoto 14, na wengi wao hawakuvuka utoto. Mdogo aliyemfuata alikufa mwaka 1875, Gustav akiwa na miaka 14, na aliitwa Ernst. Mtu huyu alipofungua kitabu cha Rückert akakuta baba anamlilia Ernst, sidhani alihitaji kuelekezwa mlango.

Lakini kumzika mdogo wako si kumzika mwanao. Hilo nalikubali, na swali langu liko pale pale.

Nilizisikia nyimbo hizi kwanza kwenye kaseti aliyoniachia mwalimu wa muziki wa Kijerumani aliyepita usharikani kwetu. Mwimbaji ni Kathleen Ferrier, Mwingereza, aliyerekodi mwaka 1949 na okestra ya Vienna chini ya Bruno Walter, ambaye ujanani alikuwa msaidizi wa Mahler mwenyewe. Maneno ni ya baba, sauti ni ya mwanamke. Kwa dakika mbili inakusumbua, halafu unasahau kabisa.

Wimbo wa kwanza ni wa asubuhi. Jua linataka kuchomoza kwa mwanga mkali, utadhani usiku hakikutokea kitu. Msiba umempata baba peke yake; jua linawaangazia watu wote. Sasa, mpe maneno hayo mwalimu wa kwaya wa kawaida, na mimi nimo, tunajua atafanya nini: kwenye jua atapandisha, kwenye msiba atashusha. Mahler amefanya kinyume. Zumari na pembe zinaanza peke yake, nyembamba, na jua linapotajwa sauti ya mwimbaji inateremka, kavu, haina mapambo. Inapofika kwenye balaa la usiku ndipo inapoanza kupanda, hatua ndogo ndogo, ala zinaongezeka chini yake, pana joto. Nilirudisha kaseti mara nyingi nikidhani nimepotea kwenye maneno. Sikupotea. Nimekaa matanga ya kutosha kujua kwamba mchana ndio mbaya. Usiku aliyefiwa bado yuko na marehemu wake. Kunapopambazuka majirani wanafagia nyua, muuza maandazi anapita, na yeye inambidi aamke katika dunia ambayo haikusimama.

Wa tatu ndio niliokaa nao zaidi. Mama anaingia mlangoni na mshumaa. Baba anageuza kichwa kumtazama, lakini macho yake hayaendi usoni kwa mkewe. Yanashuka, yanatua karibu na kizingiti, mahali patupu, pale ambapo uso wa binti ungeonekana kama angekuwa anaingia na mamaye kama alivyozoea. Basi. Hakuna nywele za kunyofolewa wala mbingu za kulaumiwa. Kuna kimo tu, kimo cha mtoto wa miaka 3, kimepimwa kwa jicho la baba ambalo halijajifunza kutazama juu. Na muziki hauongezi chozi: selo zinadonolewa kwa vidole, nota moja moja, kama mtu anayetembea nyumbani mwake gizani, na juu yake zumari nene inaimba wimbo ambao unaweza kumfundisha mtoto wa shule ya Jumapili.

Miaka mingi iliyopita tulikwenda kumzika mtoto wa fundi baiskeli, mitaa ya Barabara ya Kumi na Mbili. Kabla hatujaanza baba mtu aliniita pembeni, mikono bado ina grisi ya kazini kwenye kucha.

"Mwalimu," akasema, "leo msiimbe vizuri."

Nilidhani sikusikia.

"Imbeni. Sijakataa. Ila msiimbe vizuri."

Nikarudi kwa wanakwaya, nikawaambia alto, tena na besi waache sauti zao, wote tuimbe sauti ya kwanza, tusipandishe wala kushusha. Tukaimba hivyo, kama watoto wanaosoma ubaoni. Baadhi ya wazee wa kanisa walinuna; walisema kwaya imeaibisha usharika. Fundi hakusema kitu. Ila nilimwelewa, au nilielewa baada ya muda. Alikuwa anauogopa uzuri. Tungeimba vizuri, sauti nne zikakutana pale mwishoni kama zinavyokutana, mwili wake ungelainika wenyewe, na kulainika ni kukubali. Yeye hakuwa amekubali.

Hilo ndilo fundo, na dini zetu mbili zimelizunguka tangu zamani. Kwetu, Biblia imewaweka wote wawili, anayekubali na anayekataa, na haikuwapatanisha. Daudi alifunga na kulala chini mtoto wake alipokuwa mgonjwa. Mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akabadili nguo, akaenda kusali, kisha akaomba chakula, na watumishi wake wakabaki midomo wazi. Raheli, katika Yeremia, anawalilia watoto wake na hataki kufarijiwa. Mathayo anamrudia penye watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, na hamwambii anyamaze. Wahubiri wetu misibani humsoma Daudi. Sijawahi kusikia hata mmoja akimsoma Raheli kwenye kaburi la mtoto, na nadhani ni woga.

Maalimu alianza kwa kuniambia kwamba kwao mambo yako wazi zaidi. Kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo, kumekatazwa. Lakini Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu, mtoto mchanga, mbele ya masahaba walioshangaa, akawaeleza kwamba machozi ni rehema.

"Macho yana ruhusa, Mwalimu," akasema. "Ulimi ndio wenye mipaka."

Nikamuuliza: na shairi je? Liko upande wa macho au wa ulimi?

Alinyamaza hadi kahawa yake ikapoa. Halafu akasema kitu ambacho sijakipata katika kitabu chochote. "Anayehesabu mizani hachani kanzu. Huwezi kufanya yote mawili. Rückert wako alikaa akatafuta kina cha mwisho wa mshororo, siku ile hakumrukia Mungu shingoni. Mimi huyo simkatazi." Akasita. "Ila huyu wa pili, mwenye vyombo. Yeye nani alimzuia? Hakuwa na maiti. Alikaa ziwani, watoto wake wanacheza nje, akachukua kilio cha mwenzake akakipamba. Huo mimi nauona ni wizi, nisamehe."

Nilikuwa na jibu, na nimelibeba tangu siku ile. Imepokewa kutoka kwa Guido Adler, mwanazuoni wa muziki na rafiki wa Mahler wa miaka mingi, kwamba Mahler alimweleza hivi: alipotunga nyimbo zile alijiweka katika hali ya mtu aliyefiwa na mtoto, na baada ya kumpoteza binti yake kweli, asingeweza tena kuzitunga. Soma hapo polepole. Waliomwona Mahler kama mtabiri wa maafa yake hawajalisikia neno hilo. Anasema aliweza kwa sababu hayakuwa yake. Yakishakuwa yako, huna mkono wa kuandikia zumari.

Na Rückert je, si aliandika naye amefiwa? Aliandika, mara mia nne na zaidi, kwa sababu hakuna hata moja lililomtosha, na alipomaliza aliyaweka mahali ambapo hakuna wa kuyaona. Kufanya maneno yale yasimame mbele ya watu 500, yaanze saa fulani na kuisha saa fulani, mwimbaji asivunjike katikati, hiyo ni kazi ya mtu mwingine. Kila mwalimu wa kwaya analijua hili kwa vitendo. Siku ya msiba simweki ndugu wa marehemu mstari wa mbele hata kama ndiye tena bora niliye naye. Atashika nota mbili, ya tatu itamkatikia kooni. Wanaimba wenzake. Wanaimba huzuni isiyo yao, kwa bidii, na pumzi wakiihesabu, na hakuna aliyewahi kuwaita wezi. Wameazima, na aliyefiwa ndiye anayefaidi riba.

Maalimu alisema wizi hauhalalishwi kwa kuitwa mkopo. Nikamwambia mkopo hujulikana kwa masharti, na masharti ya Mahler yapo, yamechapwa kwenye nota. Ameandika kwamba nyimbo hizi tano ni kitu kimoja kisichogawanyika, na kwamba mwendo wake usikatizwe hata kwa makofi baada ya wimbo mmoja. Zilipoimbwa mara ya kwanza, Vienna, tarehe 29 Januari 1905, hazikupewa ukumbi mkubwa. Ziliimbwa katika ukumbi mdogo wa Musikverein na Friedrich Weidemann, kwa okestra iliyopunguzwa. Mtu anayetaka kupora kilio cha mwenzake hachagui chumba kidogo na kuzuia makofi.

Ningependa washereheshaji wetu wa misiba wapewe karatasi hiyo. Siku hizi jeneza limewekwa, spika mbili zinanguruma, kinanda cha umeme kina mdundo, kamera inazunguka kutafuta nani analia vizuri, na wiki ijayo video iko kwenye simu za watu na namba ya kuchangia kwaya chini yake. Hapo maalimu angekuwa na haki ya kumwita mtu mwizi, na ningemsaidia kumshika.

Umebaki wimbo wa tano, ambao ndio tunaogombania hasa. Dhoruba. Baba anasema katika hali ya hewa kama hii asingewaruhusu watoto watoke nje. Wametolewa, wamebebwa, na yeye hakuulizwa. Anarudia, na anarudia tena, kila mara kwa sababu mpya kidogo: angeogopa waugue, angeogopa wafe kesho, sasa hakuna tena la kuogopa. Okestra inapiga mbio katika D maina. Kila aliyefiwa na mtoto amepita hapo: ningefunga dirisha, ningewahi hospitali, ningemkataza. Kisha dhoruba inakatika. Kengele ndogo za chuma, zilizolia katika wimbo wa kwanza, zinalia tena, ufunguo unageuka kuwa D meja, na Mahler ameandika kwamba iimbwe polepole kama wimbo wa kumbembelezea mtoto. Wamelala, hakuna upepo wa kuwatisha, mkono wa Mungu umewafunika, wako kama nyumbani kwa mama yao.

Maalimu anapenda mahali hapo kuliko pote. Anasema hapo ndipo mtu alipokubali, ndipo Rückert Mlutheri na Mahler, Myahudi aliyebatizwa Mkatoliki, na yeye Mwislamu wanapokaa jamvi moja. Mimi sina hakika kwamba kuna aliyekubali. Nimesikiliza mara nyingi nikimtafuta baba katika ukurasa ule wa mwisho na simpati. Yeye hajapewa faraja yoyote. Anayefarijiwa ni Luise, ni Ernst. Baba anafanya kazi ambayo angeifanya jioni ile hata kama wasingekufa: anawalaza. Nadhani hata fundi wangu angekubali hilo, kwa sababu faraja hakuikataa kwa mtoto, aliikataa kwa nafsi yake.

Vijana wa kwaya wamesikia habari hizi na sasa wananitaka nitie maneno ya Kiswahili kwenye wimbo wa tano, tuuimbe makaburini. Wanaupenda ule mwisho. Nimewaambia niko tayari, ila watajifunza zote tano, na wataanza na asubuhi, na atakayepiga vigelegele katikati atatoka nje. Maalimu anasema kwa masharti hayo nitabaki na kwaya ya watu wawili, na mmoja wao atakuwa yeye.